Gari hii ni ndogo, ya kati au kubwa? Namna ya kujua daraja la gari kabla hujalipa

"IST ni gari ndogo au ya kati?" "Noah inahesabiwa gari ya familia au basi?" "Nimeambiwa RAV4 ni gari ndogo tu, mbona haipiti getini kwangu?" Maswali haya hayaishi, na anayeuliza mara nyingi ni mtu anayenunua gari yake ya mwanzo. Pesa anazo, dalali anampigia simu asubuhi na jioni, na kila anayemuuliza anampa jibu lake. Wala hakuna anayemdanganya. Mmoja anahesabu kwa injini, wa pili kwa urefu, wa tatu kwa siti, wa nne kwa namna gari inavyoonekana ikipita Michenzani.

Basi jambo la kwanza la kulijua ni hili: gari haina daraja moja. Kuna vipimo kadhaa, kila kimoja kimewekwa na watu wake kwa kazi yao, na gari ile ile inaweza kuwa ndogo kwa kipimo hiki na kubwa kwa kile. Mwongozo huu ni wa mtu wa Unguja au Pemba anayenunua gari iliyotumika kutoka Japani, kwa sababu ndizo zilizotujaa barabarani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kadi ya gari. Kama gari bado iko Japani, karatasi ya mnada au tangazo lenye namba ya modeli.
- Futi kamba ya mita 5. Inatosha kwa gari zote ila haisi zile ndefu na gari za mizigo.
- Vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, au hata mifagio miwili ya mpini mrefu. Utaona kazi yake hatua ya 3.
- Mtu wa kukushikia ncha ya pili ya futi.
- Karatasi na kalamu.
- Vipimo vya kwako mwenyewe: upana wa geti, urefu wa pahala gari itakapolala, na njia nyembamba kuliko zote unayopita kila siku. Hivi ndivyo watu wanavyovisahau, kisha gari inalala nje kwa jirani.

Hatua ya 1: Jiulize ni nani anayetaka kujua

Andika juu ya karatasi yako sababu ya kuuliza. Ikiwa ni kodi, utakachohitaji ni CC za injini, yaani ukubwa wake, idadi ya siti, mwaka wa gari na kazi yake, yaani abiria au mizigo. Ikiwa ni geti na njia, utahitaji upana na urefu kwa sentimita, na jina la gari halina maana. Ikiwa unataka kulinganisha bei na gari nyengine za kundi lake, hapo zitakufaa zile herufi za Ulaya nitakazozieleza. Na ikiwa gari ni ya kukodisha wageni, angalia nafasi ya mabegi na kimo cha gari kutoka chini kabla ya chochote.

Usiruke hatua hii. Ubishi mwingi wa vijiweni kuhusu "gari ndogo" ni wa watu wawili wanaojibu maswali mawili tafauti.

Hatua ya 2: Soma namba ya modeli, usisome jina la nyuma

Fungua boneti utafute kibati cha chuma kwenye ukuta unaotenga injini na ndani ya gari, au fungua mlango wa mbele uangalie nguzo yake. Kwa Toyota utakuta herufi na tarakimu, kwa mfano NCP61. Namba hiyo hiyo imo kwenye kadi na kwenye karatasi ya mnada, mara nyingi ikiwa mwanzo wa namba ya chasisi.

Chukua IST ya mwanzo, iliyotoka 2002. Ikiwa ni NCP60, injini yake ni ya CC 1,300. NCP61 ni CC 1,500. NCP65 ni CC 1,500 tena, ila inavuta magurudumu yote manne. Bodi ni ile ile na taa ni zile zile. Ukimuuliza dalali atakwambia "IST ni IST tu". Fundi hatokwambia hivyo, kwa sababu yeye ndiye anayetumwa dukani kutafuta spea.

Premio nayo ni hivyo hivyo. Ile ya kizazi cha 2001 ikiandikwa NZT240 ni CC 1,500, ZZT240 ni 1,800, AZT240 ni 2,000. Kwa hiyo mtu akikwambia "nanunua Premio", hajakwambia ukubwa wa injini hata kidogo.

Tahadhari: herufi za kubandika za nyuma ya gari zinauzwa dukani. Gari yenye "2.0" kwenye buti inaweza kuwa na injini ya 1,800. Amini kibati na kadi, na vikipingana nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Ukikwama" huku chini.

Hatua ya 3: Pima

Iegeshe gari pahala tambarare. Simamisha mbao moja wima ikigusa ncha ya bampa la mbele, na nyengine ikigusa ncha ya bampa la nyuma, kisha pima chini, baina ya mbao na mbao. Huo ndio urefu. Ukipitisha futi juu ya boneti na paa utapata namba kubwa isiyo na kazi.

Upana unapimwa kwa njia hiyo hiyo, mbao kila upande, pale mwili wa gari ulipojitokeza zaidi, kwa kawaida karibu na matairi. Vioo vya pembeni havihesabiwi. Vipimo vinavyoandikwa na viwanda huwa bila vioo, na hapa ndipo wanaoanza wanapoanguka: wanaona karatasi ya vipimo imeandika mita 1.69, geti lao mita 1.80, wanafurahi. Vioo viwili vinaongeza sentimita 20 au zaidi. Kwa hiyo pima mara mbili, bila vioo kwa ajili ya daraja, na pamoja na vioo kwa ajili ya geti.

Mwisho pima kimo chote mpaka juu ya paa. Kama kuna kichanja cha mizigo, kiandike mbali.

Hatua ya 4: Ipeleke gari kwenye mizani ya Kijapani

Hatua hii ndiyo yenye manufaa zaidi kwetu, kwa sababu gari zetu zimezaliwa chini ya sheria hiyo na zina alama zake mwilini. Wajapani wana mafungu matatu ya gari za watu.

Fungu la kwanza ni gari ndogo kabisa, zinazoitwa kei. Urefu usizidi mita 3.40, upana usizidi 1.48, kimo kisizidi 2.00, na injini isizidi CC 660. Viwanda vyenyewe vimekubaliana kutozidisha nguvu za farasi 64. Suzuki Every na Daihatsu Hijet za Japani zimo humu, na ile pikapu ndogo ya Suzuki Carry tunayoiita keri, ambayo Bara wanaijua kwa jina la kirikuu.

Keri nitaikalia kidogo. Sheria ya Japani inairuhusu kei ya mizigo kubeba kilo 350, basi. Hizo ni gunia saba za kilo hamsini. Ukiiona keri imepakiwa matofali mpaka matairi ya nyuma yamelala, ujue injini ya CC 660 inafanya kazi ambayo haikupewa, na kwenye vilima vya Pemba utaisikia kabla hujaiona. Kama biashara yako ni mchanga, kokoto na saruji, daraja hili si lako. Kama ni mboga, soda na mikate, hakuna gari nafuu kuliko hiyo.

Fungu la pili ni gari ndogo, zinazojulikana kuwa za namba 5, kwa tarakimu ya kwenye pleti zao za Japani. Urefu usizidi mita 4.70, upana usizidi 1.70, kimo kisizidi 2.00, na injini ya petroli isizidi CC 2,000. Injini ya dizeli haibanwi na CC katika fungu hili.

Fungu la tatu ni gari yoyote inayovuka hata mstari mmoja kati ya hiyo. Hizo ni za namba 3. Sentimita moja ya ziada kwenye upana inatosha, hata kama injini ni ndogo.

Sasa chukua karatasi ya vipimo vya gari zetu uangalie safu ya upana. Premio 1,695 milimita. Vitz ya 2005, 1,695. IST ya mwanzo, 1,695. Haisi ya kawaida ya kizazi cha 2004 ina urefu wa 4,695, upana wa 1,695 na kimo cha 1,980. Namba hiyo haijirudii kwa bahati. Wachoraji wa gari walisukuma bodi mpaka milimita tano kabla ya mstari, wakasimama hapo. Ukikutana na 1,695 jua moja kwa moja kwamba gari ilitengenezwa ili ibaki ndani ya mipaka ya namba 5, na kwamba ndani yake wamebana kila sentimita waliyoweza kuipata. Ndiyo sababu haisi inayokwenda Uwanja wa Ndege kwa njia ya 505 ni ndefu na ya juu, lakini kwa upana haiishindi Vitz.

Upande wa pili wa habari ni IST ya kizazi cha pili, iliyotoka 2007. Jina lile lile, lakini urefu wake ni 3,930 na upana 1,725. Imevuka mstari kwa milimita 25. Kwao Japani IST hiyo, hata yenye CC 1,500, inawekwa fungu moja na Alphard. Kwetu watu wanaiita "IST mpya", wanasema ni gari ndogo, na kwa matumizi ya mafuta wako sawa. Ila mwenye geti jembamba asiinunue kwa kupima IST ya jirani yake ya zamani.

Jimny ni mfano mwengine mzuri. Jimny ya CC 660 ya kizazi cha 1998 ina upana wa 1,475, ni kei. Jimny Sierra ya CC 1,300 ina sura ile ile, ila imeongezwa mabawa juu ya matairi na upana umefika 1,600, kwa hiyo ni namba 5. Kwenye picha ya simu, mtu asiyezoea hatozitafautisha. Kwenye mlima atazitafautisha mara moja.

Kama picha za gari bado zina pleti ya Japani, angalia tarakimu ndogo za juu pembeni ya jina la mji. Zikianza na 5 au 7 ni gari ndogo, 3 ni ya kawaida, 4 ni ya mizigo ndogo, 1 ni ya mizigo kubwa, 2 ni basi. Pleti ya njano yenye maandishi meusi ni kei ya mtu binafsi.

Hatua ya 5: Zijue herufi za Ulaya, lakini usizishike sana

Ukisoma habari za gari utakutana na "B segimenti" au "C segimenti". Ni mafungu ya soko yanayotumika Ulaya, hata Kamisheni ya Ulaya imeyatumia. A ni vigari vidogo kabisa, B ndogo, C za kati, D kubwa, E za mabosi, F za kifahari. Nje ya mstari huo kuna M kwa gari za familia zenye nafasi nyingi, J kwa gari za juu za mtindo wa SUV, na S kwa gari za michezo.

Vitz, ambayo Ulaya iliuzwa kwa jina la Yaris, ni B. Corolla ni C. Crown ni E. Noah na Alphard zinakwenda M, RAV4 na Prado zinakwenda J. Premio inakaa katikati ya C na D, na hakuna wa kumlaumu anayeiweka huku au kule.

Sababu ni kuwa herufi hizi hazina mpaka wa sentimita uliowekwa kisheria. Zinalinganisha gari na wenzake sokoni. Na ubaya wake kwa mnunuzi ni J: ndani ya herufi hiyo moja kuna gari ya mita nne na gari ya karibu mita tano. Mtu akikwambia "ni J" hajakwambia kama itaingia kwako.

Hatua ya 6: Wamarekani, kwa ufupi

Wao kwenye orodha zao za matumizi ya mafuta hawapimi nje, wanapima hewa ya ndani: nafasi ya abiria ukijumlisha na ya mizigo, kwa futi za ujazo. Chini ya 85 ni kijigari, 85 mpaka chini ya 100 ni ndogo zaidi, 100 mpaka chini ya 110 ni ndogo, 110 mpaka chini ya 120 ni ya kati, 120 na kuendelea ni kubwa. Kwa hiyo ukiangalia video ya Kimarekani ukasikia gari inaitwa "ya kati" wakati kwako unaiona kubwa, usishangae. Hatua hii huna haja ya kuifanyia hesabu.

Hatua ya 7: Tenganisha sura na mifupa

Sidani ina buti lililotengwa na siti. Hachibaki haina buti hilo, mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo chake. Stesheni wageni ni sidani iliyorefushwa paa mpaka nyuma. Haya macho yanayaona.

Macho yanadanganywa kwenye SUV. Inyanyue gari, ivalishe matairi makubwa, na kila mtu ataiita "gari ya shamba". Inama chini uangalie. Prado imejengwa juu ya fremu, yaani vyuma viwili virefu vinavyopita chini na bodi imefungwa juu yake. RAV4 na Harrier hazina fremu hiyo. Bodi na chasisi ni kitu kimoja, na Harrier za vizazi viwili vya mwanzo msingi wake ni wa Camry, gari ya lami. Harrier ni gari nzuri, imetulia, kiyoyozi chake utakipenda. Lakini mtu anayeinunua ili ipige kila siku njia ya mawe ya matumbawe kwenda kwenye shamba lake, kwa sababu tu "ni ya juu kama Prado", amenunua sura.

Na isitoshe "foo wili" si daraja. Kuna Vitz zinazovuta matairi manne na kuna RAV4 zinazovuta mawili tu. Rudi kwenye namba ya modeli.

Hatua ya 8: Iweke gari kwenye kapu la forodha

Forodha za dunia zinatumia mfumo mmoja wa namba za bidhaa, na gari zimegawiwa hivi. Gari ya kubeba watu kumi au zaidi, dereva akiwemo, iko 8702. Ya watu chini ya kumi iko 8703. Ya mizigo iko 8704. Keri na Canter ziko 8704 hata kama umeinunua kwa kutembelea.

Ndani ya 8703, gari za petroli zinagawiwa kwa injini: mpaka CC 1,000, zaidi ya 1,000 mpaka 1,500, zaidi ya 1,500 mpaka 3,000, na zaidi ya 3,000. Dizeli zina mipaka mengine: 1,500 na 2,500. Za haibridi, yaani za mafuta na umeme pamoja, na za umeme mtupu zina namba zao peke yake.

Hapa milimita hazihesabiki. Alphard ya CC 2,400 na RAV4 ya CC 2,000 ziko kapu moja la injini, ingawa moja ni kama chumba cha kulala. Na IST ya CC 1,500, ambayo injini yake khasa ni 1,496, iko chini ya mstari wa 1,500. Usiseme "elfu moja mia tano na kitu" mbele ya wakala, mwambie namba kamili ya kwenye karatasi.

Viwango vya kodi vyenyewe sivitaji hapa kwa makusudi. Vinabadilika na bajeti, na umri wa gari nao unaingia kwenye hesabu. Mpe wakala wa forodha mambo matano: namba ya modeli, CC, mwaka na mwezi wa kutengenezwa, siti, na aina ya mafuta. Muombe hesabu kwa maandishi kabla hujatuma pesa Japani. Wakala anayekwambia "tutaangalia ikifika" muache.

Hatua ya 9: Usichanganye daraja la gari na gredi

Noah X, Noah G, Noah Si. Herufi hizi za mwisho ni gredi, yaani kiwango cha vifaa: siti, rimu, taa, milango ya umeme. Kwa kawaida hazibadilishi ukubwa wa gari, ila mara moja moja zinabadilisha. Noah ya kizazi cha 2014 ikiwa X au G ina upana wa 1,695, namba 5. Ikiwa Si, imevalishwa bampa na sketi za pembeni na upana umefika 1,730, namba 3. Gari moja, kiwanda kimoja, mafungu mawili.

Hatua ya 10: Ijaribu kwa barabara zako

Baada ya karatasi zote, barabara ndiyo itakayoamua. Kama kazi yako ni kuchukua wageni Shangani, pita Barabara ya Kenyatta saa ya watu wengi ukiwa ndani ya gari ya namba 5, kisha jifikirie ukiwa ndani ya Alphard yenye upana wa karibu mita 1.80 au zaidi. Ndani zaidi ya Mji Mkongwe hakuna daraja la gari litakalokusaidia. Huko ni miguu, baiskeli na vespa.

Kwa njia za shamba, pima kimo cha chini. Jaza watu wote unaotarajia kuwabeba pamoja na mizigo, kisha pima kutoka chini mpaka sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari, ambayo mara nyingi ni bomba la moshi. Kipimo cha kiwandani ni cha gari tupu. Mark X na Crown ni gari za starehe barabara ya lami, lakini zikijaa zinalala. Ukipita matuta ya Jozani, yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, utajua bila ya futi kamba kama gari yako inakwaruza.

Ukikaa Pemba, ipandishe mlima ikiwa imejaa na kiyoyozi kimewashwa, kabla hujalipa. Vitz ya CC 1,000 yenye watu wawili ni gari. Yenye watu watano na mapakacha ya maembe, utaanza kuzima kiyoyozi.

Ukikwama

*Karatasi ya vipimo inasema kitu kimoja na futi inasema chengine.* Tafauti ya sentimita moja mbili ni mkono wako. Ikiwa ni zaidi, angalia kama gari imeongezwa bampa la chuma mbele, ndoano ya kuvutia nyuma, au sketi za pembeni. Kwa daraja chukua namba ya karatasi, kwa geti chukua ya futi.

*CC za kadi hazifanani na kibati.* Simama hapo hapo. Huenda injini imebadilishwa, huenda kadi imekosewa. Tafuta namba ya injini iliyopigwa kwenye injini yenyewe uilinganishe na ya kwenye kadi. Hazilingani? Muuzaji ndiye wa kwenda kuzirekebisha kwenye usajili, tena kabla ya mauzo. Akikuomba ulipe kwanza, gari ziko nyingi.

*Tovuti mbili zinaiita gari moja majina mawili, moja "kompakti", moja "krosova".* Moja inasema ukubwa, nyengine inasema sura. Zote zinaweza kuwa sahihi.

*Jina ni moja lakini vipimo vinapishana sana.* Ni vizazi. RAV4 ya 1994 ina upana wa 1,695. Ya kizazi cha 2005 ina 1,815. Hizo ni sentimita 12 chini ya jina moja. Tafuta kwa mwaka na namba ya modeli, kamwe usitafute kwa jina tupu.

*Haisi yangu ni namba 5 au basi?* Inategemea ilivyotoka Japani. Nyingi zilisajiliwa kuwa gari za mizigo zenye siti chache, na siti za daladala zimefungwa baadaye. Zile ndefu na pana, mita 5.38 kwa 1.88, ni daraja jengine kabisa. Kabla ya kufunga siti, uliza usajili utaandikwa watu wangapi, kwa sababu bima na leseni ya njia vitafuata namba hiyo na si idadi ya watu wanaoweza kubanana.

*Ina siti saba, lakini muuzaji anaiita gari ya watu watano.* Vanguard kwa mfano zilitoka za watu watano na za watu saba. Fungua nyuma uangalie kama siti za safu ya tatu ni za kiwandani, zina mikanda yake na pahala pake pa kukunjia. Kisha angalia kadi imeandika ngapi.

*Gari bado iko Japani na siwezi kuipima.* Chukua namba ya modeli pamoja na mwaka na gredi, vyote vitatu, utafute karatasi ya vipimo ya kiwanda. Ukiwa huna gredi, muombe muuzaji picha ya kibati na ya gari kwa ubavu. Na ukiwa na shaka juu ya upana, tafuta gari ya kizazi hicho hicho iliyokwisha kufika Unguja, muombe mwenyewe kwa adabu, na uende na futi yako.